Skonzi za Babu Hungoja Adhana

"Babu, sasa nani atakupikia?"

Hilo ndilo swali nililomuuliza Mzee Sifael, baba yake baba yangu, siku tulipoanua matanga ya bibi Rogathe. Nilikuwa darasa la pili, na nililiuliza kwa ile sauti ya darasani, ya kunyoosha kidole. Mama akanifinya paja. Babu alijipapasa mifuko ya koti kama mtu aliyepoteza ufunguo, kisha akainuka na kusema anakwenda kutazama kama mbuzi wa jirani wameingia kwenye mchicha.

Hatukuwa na mchicha.

Inabidi mumjue babu kwanza. Ameendesha malori tangu baba yangu hajazaliwa, mpaka magoti yake yalipokataa kukanyaga klachi. Giaboksi anaifungua na kuifunga huku anakusimulia habari nyingine kabisa. Lakini jikoni, jamani, jikoni babu alikuwa mgeni rasmi. Anafika, anakaribishwa kiti, anahudumiwa, anashukuru, anaondoka. Wanasema siku moja bibi alikwenda mazoezi ya kwaya akamwachia maharage jikoni na kumwambia ayaangalie. Akayaangalia kweli. Yakaungua akiyaangalia.

Nyumba yake iko Same mjini, karibu na barabara kuu. Jioni huketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo ukutani, akisikiliza magari yanayopita. Hageuki kutazama. "Huyo dereva anachoma klachi," atasema. Au, "Huyo amebeba kupita kiasi, sikia anavyohema." Niliwahi kumuuliza anajuaje. Akaniuliza mimi najuaje mama akikasirika kabla hajasema neno. Nikaona hapo kanipata.

Basi, baada ya msiba, jibu la swali langu likawa mama. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa pili, na kila jioni nilipita na hotpoti ya babu, na kila jioni babu aliipokea kwa mshangao, kana kwamba hakuitegemea. "Ooh! Leo kumbe mmenikumbuka!" Mambo yakaenda hivyo miaka mingi, mpaka mwaka huu ambapo mimi niko kidato cha tatu na baba, ambaye ni mwalimu, amepata uhamisho kwenda Korogwe. Mama anamfuata. Mimi nabaki Same, lakini bweni. Hotpoti ikawa haina wa kuibeba.

Hapo ndipo bibi Dorkas alipopiga simu, likizo ya Juni imeanza na mimi niko kwa babu.

Bibi Dorkas ni dada mkubwa wa babu. Anaishi juu huko Vudee, kwenye nyumba ya wazazi wao, yeye na ng'ombe wake, na watoto wake wote wako Dar. Ni mdogo wa umbo. Akisimama karibu na babu unaweza kudhani babu kamtoa mfukoni. Lakini babu, na ukubwa wake wote na mvi zake zote, akiliona jina lake kwenye simu anavua kofia kabla ya kupokea. Sitanii, anavua. Siku hiyo aliweka sauti ya juu kwa sababu sikio lake la kulia halisikii vizuri, kwa hiyo nikasikia yote.

"Sifael."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unakula nini siku hizi?"

"Nakula vizuri tu, dada."

"Sijauliza unakulaje. Nimeuliza unakula nini."

Babu akanitazama. Nami nikatazama mawingu.

"Nasikia Mbonea na mkewe wanahamia Korogwe," bibi Dorkas akaendelea. Mbonea ndiye baba yangu. "Mimi nimeshapiga lipu kile chumba cha upande wa jua. Kitanda kipo, blanketi zipo. Utapanda huku ukae na mimi. Huko chini kuna nini? Vumbi na upepo. Mwanaume peke yake nyumbani ataishi kwa kula nini, soda?"

"Dada, mimi najipikia."

Nadhani kule Vudee hata ng'ombe aliacha kutafuna.

"Unapika nini?"

Babu akageuza macho huku na huku kama mwanafunzi anayetafuta jibu ukutani. Upande wa pili wa ua wa michongoma, jirani yake Bi Salha alikuwa anapita na trei iliyofunikwa kitambaa, na harufu ikatufikia.

"Skonzi," babu akasema.

"Skonzi!"

"Skonzi, dada. Laini kabisa."

Bibi Dorkas alicheka kicheko kifupi cha hakimu. Watu husema sisi Wapare tunapenda mno kesi. Mimi hukana, ila ndugu zangu hawanisaidii. Palepale akatoa amri: mwisho wa mwezi kuna kikao cha familia, babu apande Vudee, aoke hizo skonzi kwenye jiko lake yeye, mbele ya macho yake yeye. "Zikilika, ubaki na vumbi lako, sitakusumbua tena. Zisipolika, Mbonea atashusha gari Same kuchukua godoro lako siku hiyohiyo. Nimemaliza. Wasalimie."

Babu akavaa kofia yake polepole.

"Babu, si uende tu?" nikasema. "Vudee kuzuri. Kuna parachichi."

"Kuzuri, nani kakataa? Lakini huko nitasikiliza nini jioni? Ng'ombe?" Kisha akaugusa ukuta nyuma ya kiti chake, bila kuutazama. Ule ukuta waliujenga yeye na bibi Rogathe, kidogokidogo, kila aliporudi safari. Bibi ndiye alikuwa anamwagilia tofali. "Na makande ya dada," akaongeza haraka. "Makande asubuhi, makande jioni. Siendi."

Kesho yake akasimama kwenye ua wa michongoma na kubisha hodi.

"Karibu, Baba Mbonea," Bi Salha akaitikia. Yeye huoka skonzi na kukaanga vitumbua vya kuuza mtaani, na mumewe, Mzee Abdulmajid, ana duka la vipuri ambako babu hupoteza asubuhi zake. "Leo nikufungie ngapi?"

"Leo sinunui. Leo nataka kujua zinapikwaje."

"Zinaokwa."

"Haya, zinaokwaje?"

Bi Salha akaweka mwiko chini. Alimtazama toka kofia hadi kandambili. "Kuna nini? Unataka kunifungia biashara?"

Babu akamweleza yote, hata lile la soda. Bi Salha akacheka mpaka akashikilia nguzo, halafu akafuta macho kwa upande wa kanga. "Ingia," akasema. "Vua koti. Na nawa mikono mpaka kwenye kiwiko, hizo grisi za dukani kwa mume wangu nazijua."

Alikosea kumwacha aanze peke yake. Babu hajui kitu kidogo. Maisha yake yote alihesabu mizigo kwa tani. Akamimina unga wote uliokuwa kwenye mfuko, akaongeza maziwa yanayochemka, ule uji ukawa mwingi, akaongeza unga mwingine ambao mtu alitumwa kuununua dukani (mtu huyo ni mimi), akakanda huku anahema kama lori kwenye mlima.

"Baba Mbonea, unalisha bweni?"

"Nilikuwa naufuata unga, jirani. Ukizidi huku, naongeza kule."

"Na maziwa yamechemka hivyo! Umeiua hamira, maskini, na wala haijakukosea."

Skonzi za siku hiyo zilitoka kama zile kokoto za kumwaga barabarani. Babu akatafuna moja kwa heshima zote. Akampa mbuzi wa Bi Salha nyingine. Mbuzi akainusa, akamtazama babu, akaenda kula boksi.

Siku ya pili Bi Salha hakumpa mfuko. Alimpa kikombe cha bati. "Hiki ndicho kipimo chako. Unga vikombe viwili, basi. Hamira kijiko kidogo, sukari kidogo, chumvi ya kubana kwa vidole, siagi kijiko. Maziwa yawe ya vuguvugu, ya kumwogesha mtoto mchanga."

"Vikombe viwili tu? Hiyo si ya mtoto?"

"Wewe uko mmoja, Baba Mbonea. Unga wako uwe wa mtu mmoja na mgeni wake."

Babu alishika kile kikombe kwa muda, akakigeuza, akakitazama ndani. Sikuwahi kufikiria kwamba kupungua kwa watu nyumbani kunaweza kuingia kwenye kikombe. Kisha akachota unga, akausawazisha juu kwa kidole, taratibu, kama anapima oili.

Kukanda kulimshinda kwa namna nyingine. Mikono yake imezoea spana.

"Polepole! Huo unga hauna nati za kukaza."

"Nitajuaje umetosha?"

"Shika ndewe ya sikio lako. Sasa shika unga. Vikifanana, acha."

Wiki nzima hiyo ukipita kwa babu unamkuta mkono mmoja uko kwenye bakuli na mwingine uko sikioni, sikio lote jeupe kwa unga. Akaja akajua. Akajua kukata madonge, kuyaviringisha chini ya kiganja mpaka yanateleza, kuyapanga kwenye sufuria iliyopakwa siagi, moja katikati na mengine kulizunguka, bega kwa bega. Akajua kuweka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Na kuhusu kusubiri unga uumuke, Bi Salha alimfundisha kama alivyofundishwa na mama yake: "Uwe umemaliza kuzipanga kabla ya alasiri. Zifunike kwa kanga. Adhana ikilia, usiziguse. Watu wakitoka msikitini, weka jikoni."

"Nitajuaje wametoka, na mimi niko jikoni?"

"Utamsikia Mzee Abdulmajid akikohoa getini. Hajawahi kuingia nyumbani bila kukohoa tangu anioe."

Nikamwambia babu, "Si utumie alamu ya simu?"

"Simu inajua nini kuhusu unga?"

Basi ikawa hivyo. Mzee wa kanisa la Kilutheri, ambaye Jumapili huketi benchi la mbele kabisa, mikate yake ikawa inaongozwa na msikiti. Adhana inalia, babu anainua kidole: msiguse. Anakaa kwenye stuli, anasikiliza. Kikohozi kinasikika getini, babu anaruka na koleo la makaa. Na zilikuwa zinatoka, nawaambieni! Juu rangi ya asali, ndani ukichana zinatoa mvuke na nyuzi laini. Siku aliyopeleka sahani kwa jirani, Mzee Abdulmajid alikula, akauliza nani kaoka.

"Baba Mbonea," mkewe akajibu.

"Kula kwanza umeze, Salha, ndipo useme uongo."

Babu akarudi kwake amenyooka mgongo kama aliyepandishwa cheo.

Mwisho wa mwezi ukafika, likizo bado haijaisha, na tukapanda Vudee na baba. Kwa wasiojua huko: Same jua linakupiga kichwani hata mwezi wa sita, unapanda mlima, na kabla hujamaliza kulalamikia joto unaanza kulalamikia baridi. Tulikuta ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Babu alikuwa amepakata kapu lake njia nzima: unga, hamira, kile kikombe cha bati, sufuria, kanga. Baba alijitolea kumshikia, akakataliwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Sifael. Umekonda." Hajakonda hata kidogo. "Mpishi yuko wapi, umemficha kwenye kapu?"

Jiko la bibi Dorkas ni kibanda nyuma ya nyumba, mafiga matatu na moto wa kuni usiozimika. Yeye alikuwa ameshaweka kiti chake mlangoni, sweta juu ya kitenge, mikono imekunjwa. Kikao cha familia hakikuwa na ajenda nyingine, hiyo ilijulikana mara moja. Ilijulikana mpaka kwa majirani, maana wanawake watatu walikuja kwa zamu kuazima chumvi, na hakuna hata mmoja aliyeondoka nayo.

Babu akavua koti, akajifunga kanga kiunoni. Mmoja wa wale wa chumvi akaziba mdomo.

"Usimcheke," bibi Dorkas akasema. "Hiyo ndiyo sare yao huko Same."

Babu akapima vikombe viwili. Bibi Dorkas akanyoosha shingo. "Hizo ni za nani? Kuku?"

"Ni za mtu mmoja na mgeni wake, dada."

"Hapa tuko sita, saba."

"Kesi ni kama najua kuoka. Shibe haikutajwa."

"Ilitajwa! Mbonea, haikutajwa shibe?"

Baba, ambaye darasani anaogopwa na watoto mia mbili, alisema hakumbuki vizuri.

Akakanda. Alipofika kushika ndewe ya sikio, wale wa chumvi waliinama kwa kicheko, naye wala hakujali. Akakata, akaviringisha, akapanga, akafunika kwa kanga. Akaiweka sufuria kando ya mafiga, akaketi kwenye kigogo, mikono magotini, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa dirisha, upande wa sikio linalosikia.

Tukasubiri.

Bibi Dorkas akaongeza kuni. Mtu akaleta chai. Habari za bei ya tangawizi zikaongelewa zikaisha. Habari za nani kaolewa Mwanga zikaongelewa nazo zikaisha.

"Bado?" bibi Dorkas akauliza.

"Bado, dada."

"Zinangoja nini?"

"Wakati wake."

Ukungu nje ukazidi kuwa mzito. Ng'ombe akalia. Babu akainua kidole nusu, akakishusha. Baba akapiga miayo. Nikamtazama babu vizuri, ile shingo aliyoigeuza dirishani, yale macho ya mtu anayesikiliza kitu cha mbali, na moyo wangu ukashtuka pa! Nikajua anangoja nini. Nikamsogelea nikamnong'oneza kwenye sikio. Kwa bahati mbaya, likawa lile bovu, kwa hiyo ilinibidi kurudia, na kila mtu akasikia.

"Babu, huku hakuna msikiti."

Babu alibadilika uso. Sijapata kumwona hivyo, hata siku trela lilipomkosakosa. Alinitazama, akatazama sufuria, akatazama dirisha lenye ukungu mtupu.

"Msikiti?" bibi Dorkas akasema. "Msikiti wa nini?"

Akamgeukia mdogo wake.

"Sifael, msikiti wa nini?"

"Nilikuwa nangoja adhana, dada," babu akasema kwa sauti ndogo. "Nyumbani huwa nazifunika, adhana inalia, halafu Abdulmajid anakohoa."

Kwanza bibi Dorkas hakucheka. Alikuwa anajaribu kuelewa. Halafu likamfikia, kilemba kikadondoka, akapiga paja, akapiga mlango, akampiga baba yangu. "Mzee wa kanisa! Mzee wa kanisa amekaa Vudee anangoja adhana! Na Abdulmajid! Abdulmajid akohoe kutoka Same, sisi tule huku!" Wale wa chumvi ilibidi watoke nje. Mimi nilicheka pia, nakiri, lakini niliacha nilipoona mikono ya babu. Ilikuwa imeshika magoti yake kwa nguvu, na anatazama koti lake pale msumarini, kama mtu ambaye ameshaanza kufikiri nyumba ataifungaje.

"Basi fungua," bibi Dorkas akasema akifuta machozi. "Fungua tuone maiti."

Babu akainua kanga.

Skonzi zilikuwa zimeumuka. Zimejaa, zimebanana, zimekaribia mdomo wa sufuria. Babu akaibonyeza moja kwa kidole. Ikabonyea, ikarudi taratibu. Alibaki ameinama pale, haamini. Same unga ukizidishiwa muda hivyo ungeshamwagika jikoni kote. Lakini huku kwenye baridi unga unajivuta kama mtoto asiyetaka kwenda shule, na ule muda wote aliopoteza akisubiri sauti isiyokuja ndio hasa uliohitajika.

Nikamwona bibi Dorkas. Kicheko kilikuwa kimemwisha, midomo ameibana.

"Dada," babu akasema polepole, "wewe ulijua huku unga unachelewa."

"Nimezaliwa hapa. Kwa nini nisijue?"

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nangoja uziweke mapema," bibi Dorkas akasema bila aibu yoyote. "Zitoke mawe. Nani alijua utakaa kumngoja Abdulmajid?"

Babu alichukua kaa moja kwa koleo, la pili, akasambaza machache chini, akaweka sufuria, akapakia mengine juu ya mfuniko kwa makini. Sasa hakumtazama mtu. Harufu ilipokuja, ilikuja kwanza kama maziwa, halafu kama siagi, halafu kama kitu kinachofanya kila mtu aache kuongea. Alipofunua, hata mimi niliyezizoea nilisogea. Ile rangi ya asali.

Akampa dada yake ya katikati, ile iliyoinuka kuliko zote.

Bibi Dorkas akaichana. Ikatoa mvuke. Akachovya kwenye mchuzi wa maharage, akala. Akala yote. Akachukua ya pili, "nihakikishe hazitofautiani." Wale wa chumvi walikuwa wamerudi mlangoni. Baba akapata moja. Mimi nikapata nusu.

"Chumvi imepungua," bibi Dorkas akasema mwishoni.

"Nilidhani majirani wameleta," babu akasema.

Hapo bibi Dorkas alishindwa kujizuia, akacheka. Kisha akashusha mikono mapajani na kutazama moto, na nikaona ghafla jinsi alivyo mdogo kwenye kile kiti. "Chumba chenyewe nimeshakipiga lipu," akasema. "Nilikuwa nimenunua na pazia."

Sote tulikuwa tumekuja tukidhani anamhurumia babu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye anakula na nani.

Babu akaanza kukunja kanga. "Usiweke mahindi kwenye hicho chumba," akasema. "Kila mwisho wa mwezi nitapanda nilale siku mbili tatu. Nitakuokea. Lakini kwangu ni Same, dada."

Bibi Dorkas akaokota kilemba, akajifunga upya, akajifanya hakusikia vizuri, na babu akangoja. Safari hii alikuwa anajua kungoja.

"Haya," akasema. "Baki na vumbi lako. Ila ukipanda, uje na adhana yako, huku hatuuzi."

Tulipojiandaa kuondoka, ukungu umefunga mpaka mlangoni, babu aliniita nyuma ya kibanda. Alikuwa na ile sufuria mkononi, chini imeshika maganda yaliyoungua, na mfuniko umejaa majivu. Alikuwa amevaa koti lake na kofia, na unga mweupe bado uko sikioni.

"Siku ya matanga ya bibi yako uliniuliza swali," akasema.

Sikujua kama alilikumbuka miaka yote hiyo.

"Uliuliza nani atanipikia."

"Ndiyo, babu."

Akaniwekea sufuria mikononi.

"Mimi mwenyewe. Wewe utaosha vyombo."